Aliyeumia Vibaya Ubongo: Namna ya Kumuuguza kwa Tiba na kwa Dua

Ajali ya bodaboda, kuanguka kutoka juu ya mnazi, kupigwa na kitu kizito kichwani: njia ni nyingi lakini wodi ni ile ile. Mgonjwa amelala na mipira puani na mdomoni, na nje ya mlango ukoo mzima umeshika tasbihi, rozari na simu. Mwongozo huu ni wa hao walio nje ya mlango. Nimemuuguza kaka yangu, na nimekaa kwenye mabenchi ya wodi pamoja na familia za Kiislamu na za Kikristo, nikaona wengi wanabishana jambo moja: tumwombee au tumwachie daktari? Ubishi huo unawapotezea muda. Mgonjwa ataombewa tu, hilo halina mjadala kwetu. Cha kuuliza ni aombewe kwa sauti gani, saa ngapi, nani awepo, na nini kisiguswe. Imani inayomfaa mtu wa namna hii ni ya kimya, ya maneno machache, inayorudiwa kila siku kando ya kitanda. Inayomdhuru ni ile inayomdai muujiza aonyeshe watu.

Hatua ya 1: Jua ameumia kiasi gani

Madaktari hutumia kipimo cha Glasgow, kilichobuniwa mwaka 1974 na Graham Teasdale na Bryan Jennett katika mji huo wa Uskoti. Huangalia mambo matatu: kufumbua macho (alama 1 hadi 4), kuongea (1 hadi 5) na kujongeza viungo (1 hadi 6). Mwenye fahamu zake zote ana 15. Asiyeitika kabisa ana 3. Kuanzia 8 kushuka ni jeraha kali. Uliza bila aibu: alifika na ngapi, leo ana ngapi? Akiwa na mpira wa kupumulia kooni, alama ya kuongea haipimiki, kwa hiyo usishtuke namba ikiwa ndogo.

Uliza pia CT scan, ile picha ya ndani ya kichwa, imeonyesha nini. Damu iliyojikusanya ndani ya fuvu na kuubana ubongo huweza kuhitaji upasuaji wa haraka, na hapo kila saa ina thamani. Ndiyo sababu wagonjwa hukimbizwa kwenye hospitali zenye mabingwa wa upasuaji wa ubongo, kama Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, pale Dar es Salaam. Lakini nyuzi za ubongo zikiwa zimechanika huku na huku, hakuna cha kupasua. Kinachobaki ni kumlinda asipungukiwe na oksijeni wala presha isishuke, na kusubiri.

Jambo la kulishika mapema ni uvimbe. Ubongo uliogongwa huvimba, na uvimbe huendelea kupanda siku kadhaa za mwanzo. Mgonjwa aliyekuwa akijongeza mkono siku ya kwanza anaweza kuonekana mbaya zaidi siku ya tatu. Hapo ndipo familia nyingi huanza kumtafuta mchawi.

Chagueni mtu mmoja wa kuongea na madaktari na mwingine wa kuwajulisha kanisa, msikiti na kundi la WhatsApp. Habari zikitoka kwenye midomo kumi, jioni mgonjwa atakuwa ameshafariki mara mbili na kufufuka mara tatu.

Hatua ya 2: Dua ya ICU, chumba cha wagonjwa mahututi, iwe fupi, na mikono isiende kichwani

Kwanza omba ruhusa kwa muuguzi wa zamu. Wengi watakukubalia ukiwaeleza kwamba mtaingia mmoja mmoja, mikono imenawiwa, kwa dakika chache. Mshike mkono, mwite kwa jina mlilozoea kumwita nyumbani, jitambulishe, mwambie yuko wapi na leo ni siku gani. Kisha omba, kwa sauti ya kawaida ya mazungumzo. Kama mashine inaanza kulia ukiwa unaomba, nyamaza, mwachie muuguzi afanye kazi yake.

Kuwekea mikono kichwani ni desturi nzuri, lakini si hapa. Wapo wagonjwa waliotolewa kipande cha mfupa wa fuvu ili ubongo upate nafasi ya kuvimba. Chini ya bandeji hiyo hakuna mfupa, kuna ngozi na ubongo. Mtumishi aliyezoea kushika utosi na kuusukuma akiingia bila kuambiwa, anaweza kuleta maafa. Mwambieni mlangoni: shika mkono, shika bega, usiguse kichwa. Tahadhari hiyo huendelea hata akirudi nyumbani, mpaka mfupa urudishwe.

Mafuta ya upako yapakwe kiganjani, kidogo. Yasikaribie kidonda, wala barakoa ya oksijeni, kwa sababu mafuta na oksijeni huweza kuwaka. Ubani na udi viachwe nyumbani, na hata nyumbani visifukizwe chumbani mwa mtu aliyetobolewa koo kwa ajili ya kupumua. Wakatoliki wajue kwamba Mpako wa Wagonjwa hauhitaji mgonjwa awe macho. Padre akiona hali ya paji la uso hairuhusu, atajua la kufanya.

Je, anasikia? Hakuna wa kukuhakikishia, ila kuna sababu ya kuongea naye. Utafiti mdogo wa Marekani uliochapishwa mwaka 2015, ulioongozwa na Theresa Pape, uliwachezea wagonjwa 15 waliozimia rekodi za sauti. Waliosikilizishwa ndugu zao wakisimulia mambo waliyoyapitia pamoja walionyesha nafuu kuliko waliosikilizishwa ukimya. Basi rekodi kwenye simu: mama akisimulia siku ya kipaimara, babu akisoma sura anayoipenda, watoto wakicheka. Fupi, mara chache kwa siku. Redio ya mahubiri iliyowashwa kutwa nzima haimwamshi mtu, inamchosha.

Hatua ya 3: Kisipite kitu mdomoni kabla hajapimwa kumeza

Hapa naomba usome taratibu, maana ndipo mapenzi ya ndugu yanapoua.

Aliyeumia ubongo anaweza kufumbua macho, akatabasamu, akafungua mdomo ukimsogezea kijiko, na bado koo lake halijui kuziba njia ya hewa anapomeza. Maji yanaingia kwenye mapafu. Mbaya zaidi, wengine hupaliwa bila hata kukohoa, kwa hiyo huoni dalili yoyote mpaka homa inapopanda na daktari anasema nimonia. Na maji matupu ni hatari kuliko uji mzito, kwa kuwa yanakimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujipanga.

Sasa fikiria vitu tunavyowaletea wagonjwa kwa imani: maji ya Zamzam kutoka Makka, maji ya baraka, kombe (aya za Qurani zilizoandikwa kwa zafarani sahanini kisha zikaoshwa kwa maji), kijiko cha asali yenye habasoda, mafuta ya zeituni. Karibu vyote ni vya kunywa. Maadamu anakula kwa mpira wa puani, hakuna hata kimoja kinachopita mdomoni, hata tone la kulowesha ulimi, mpaka mtaalamu amkalishe wima na kumpima. Mpakeni hayo maji mikononi na miguuni. Kombe mnaweza kumpangusia mwilini. Wala msiyapitishe kwenye mpira wa puani kwa siri usiku muuguzi akiwa amesinzia. Mpira ukiwa umehama, nayo yanaishia mapafuni.

Kuhusu Komunyo, zungumza na padre au mchungaji mapema. Mkate mkavu ni shida kwa koo dhaifu. Kanuni ya 925 ya sheria ya Kanisa Katoliki inaruhusu Komunyo chini ya umbo la divai peke yake palipo na haja, na kwa anayemeza vyakula laini kipande kidogo sana kinaweza kutosha. Padre peke yake asiamue kama koo limepona, wala daktari asiamue mambo ya sakramenti, wakutanisheni.

Hatua ya 4: Kipindi cha fujo si jini

Wiki kadhaa zikipita, mgonjwa anaweza kuamka akiwa mtu mwingine. Anang'oa mipira, anampiga dada yake, anataka kwenda nyumbani saa nane usiku, anamwita mkewe kwa jina la mtu asiyejulikana, anatukana matusi ambayo nyumbani kwenu hayajawahi kutamkwa. Mama mcha Mungu anavua nguo mbele za watu. Ukoo unasema amepagawa, na simu zinaanza kupigwa kwa watu wa kukemea mapepo.

Kipindi hiki madaktari wanakijua. Kwenye jedwali la hatua za kurejea fahamu lililotoka hospitali ya Rancho Los Amigos, California, ni hatua ya 4: kuchanganyikiwa na fujo. Iko juu ya hatua ya 3, maana yake anapanda. Sehemu ya mbele ya ubongo, ndiyo inayotuzuia kusema kila linalotujia, imeumia. Breki hazijarudi, na kumbukumbu za leo hazishiki. Wengi hawatakumbuka siku hizi hata kidogo. Usimkemee kana kwamba amechagua.

Mkesha wa kukemea kwa vipaza sauti ndio dawa mbaya kuliko zote hapa. Ubongo huu hauwezi kuchuja kelele. Mwanga, mikono mingi na makelele humzidishia fujo, na kukosa usingizi huweza kuamsha kifafa. Minyororo na viboko ni ukatili na ni kosa la jinai, hata vikifanywa kwenye kambi ya maombi. Mnaotaka kusoma ruqya (kisomo cha Qurani cha kumwombea mgonjwa) au zaburi, asome mtu mmoja anayefahamika kwake, kwa sauti ya chini, taa hafifu, televisheni imezimwa. Akianza kutapatapa, acha. Mweleze yuko wapi na kwa nini, kwa sentensi fupi, hata kama ni mara ya arobaini. Na mjulishe daktari, kwa sababu fujo mpya inaweza pia kutoka kwenye maumivu, homa, kibofu kilichojaa au damu mpya kichwani.

Hatua ya 5: Geuza ibada kuwa ratiba

Siku ya mgonjwa huyu haina kichwa wala miguu. Asubuhi na jioni kwake ni mamoja. Nyumba ya Kiislamu tayari ina saa ya bure, adhana tano. Ya Kikristo ina sala ya asubuhi, kengele ya adhuhuri, ibada ya jioni. Fungeni kazi za uuguzi kwenye nyakati hizo: baada ya alfajiri, kuoga na dawa, adhuhuri, kunyoosha viungo, alasiri, kukaa kitini, na kuendelea. Asiyeweza kujigeuza bado ageuzwe kila baada ya saa mbili au kadiri mlivyoelekezwa, usiku na mchana, kuzuia vidonda vya mgongoni. Hapo mikono ya waumini inahitajika kweli.

Tasbihi na rozari zina kazi ya pili. Mtaalamu wa mazoezi akisharuhusu, mpe yenye shanga kubwa katika mkono ulio dhaifu. Kubana ushanga mmoja kati ya kidole gumba na cha shahada, kuusogeza, kisha kuuachia, ni zoezi lile lile analofanyishwa hospitalini kwa vifuniko vya chupa. Tofauti ni kwamba hili atalirudia bila kunung'unika.

Tumia alichokariri utotoni. Kaka yangu alipokuwa hawezi kuomba maji, anaonyesha tu kwa jicho, mama alikuwa akisali Baba Yetu kila jioni kando yake. Jioni moja alipofika "utupe leo", sauti ya kukwaruza ikamalizia: "mkate wetu wa kila siku." Mama alilia, shangazi akapiga vigelegele korido nzima ikageuka. Wataalamu wa usemi hawashangai. Maneno yaliyokaririwa na nyimbo hupita njia tofauti kidogo na maneno tunayoyaunda papo kwa papo, ndiyo maana asiyeweza kusema jina lake anaweza kuimba ubeti mzima; huko Boston, katika miaka ya 1970, walitengeneza tiba ya usemi juu ya jambo hilo hilo, ya kuanza na wimbo na kuteremka polepole hadi maneno ya kawaida. Kwa hiyo anzisha Al-Fatiha au wimbo wa shule ya Jumapili, simama katikati ya mstari, msubiri. Msubiri sana, hata sekunde kumi. Akimaliza, usiwatangazie watu kwamba amepona. Keshoye anaweza kushindwa kusema "ndiyo".

Kwa Waislamu wanaohangaika kuhusu faradhi: Mtume alimwelekeza sahaba wake Imran bin Husayn asali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Hadithi nyingine inasema kalamu imeinuliwa kwa asiye na akili zake mpaka zirudi, kwa hiyo kipindi cha kuchanganyikiwa msimlazimishe. Swala za siku alizozimia, muulizeni sheikh wenu, kwani madhehebu yametofautiana. Kidonda kisichofaa kupata maji kina ruhusa zake, ikiwemo tayamamu, yaani kujitwaharisha kwa udongo badala ya maji. Akianza kusali asali nyuma ya mtu, asiwe peke yake, kwa sababu atasahau ni rakaa ya ngapi na jambo hilo litamvunja moyo. Sujudu ya kuinamisha kichwa chini isubiri ruhusa ya daktari. Aashirie akiwa amekaa. Kuhusu funga, Sura ya Al-Baqara aya ya 184 na 185 ziko wazi juu ya mgonjwa. Na hizo siku 21 za kufunga na kuomba kanisani wafunge wenye afya.

Hatua ya 6: Dawa za kifafa hazikatizwi kwa ushuhuda

Baada ya jeraha kali, kifafa kinaweza kuja wiki ya kwanza, au miezi, hata miaka baadaye. Wengine hupewa dawa kwa muda mfupi wa mwanzo, wengine kwa muda mrefu. Aliyeandikiwa za muda mrefu akiziacha ghafla kwa sababu ametamkiwa uponyaji, anaweza kuanguka kifafa kisichokatika, nacho huua. Mtumishi wa kweli hatakwambia utupe dawa. Anayekwambia hivyo, au anayetaka upande mbegu ya pesa kabla hajaomba, mpe soda umsindikize. Wakatoliki wana Yoshua bin Sira sura ya 38, inayosema tabibu aheshimiwe kwa kuwa ameumbwa na Bwana. Waislamu wana ile hadithi ya kumfunga ngamia kwanza, kisha kutawakali, yaani kumwachia Mungu.

Akianguka kifafa: mlaze kwa ubavu, ondoa vitu vigumu karibu yake, usimtie kijiko wala kidole mdomoni, usimkandamize, tazama saa. Kikizidi dakika tano, au kikirudi kabla hajazinduka, hospitali mara moja. Dua isomwe mkiwa njiani.

Hatua ya 7: Wape waumini kazi

Marafiki wa Ayubu walikaa naye siku saba mchana na usiku bila kusema neno, na huo ndio wakati pekee walipomfaa. Walipofungua midomo wakaanza kutafuta dhambi yake. Wageni wenu watafanya vivyo hivyo wasipopewa kazi. Jumuiya, jamaa wa msikitini, kwaya, umoja wa akina mama: andika orodha. Nani analala wodini Jumatano? Nani anafua mashuka? Nani ana pikipiki ya kuleta uji? Nani atalipia kipimo kinachofuata? Waliomleta yule mwenye kupooza kwa Yesu walikuwa wanne, walibeba godoro na kutoboa paa.

Atakayemwambia mgonjwa kwamba hajapona kwa kuwa imani yake ni haba, azuiwe mlangoni, hata akiwa kiongozi wa dini. Utafiti uliofanyika Detroit, ukachapishwa mwaka 2011, ulifuatilia watu 88 walioumia ubongo. Waliojihisi wana uhusiano na Mungu walikuwa na maisha ya kuridhisha zaidi na walijimudu zaidi. Kuhudhuria ibada mbele za watu peke yake hakukuleta tofauti hiyo. Mchungaji akisisitiza aletwe madhabahuni kwa kiti cha magurudumu ili watu waone, una sababu ya kukataa kwa adabu.

Akiwa tayari kurudi kwenye ibada, aende ile ya asubuhi isiyo na vyombo vingi, akae karibu na mlango, mbali na spika, na mkubaliane ishara ya kuondoka. Robo saa inatosha kwa mara ya kwanza. Ushuhuda hauna haraka. Kipofu wa Bethsaida, katika Marko 8, aliguswa mara mbili. Baada ya mguso wa kwanza aliona watu kama miti inayotembea, na akakiri hivyo hivyo bila kuongeza chumvi.

Hatua ya 8: Linda mkoba wake na uamuzi wake

Hili watu hawalisemi. Breki za ubongo zikiwa dhaifu, mtu hutoa. Ataahidi kiwanja kwenye ujenzi wa kanisa, ataweka nadhiri ya ng'ombe, atatuma mshahara wote kwa mhubiri wa redioni. Wengine hushika dini kwa kishindo wasichokuwa nacho, usiku kucha wanahubiri. Wengine hawahisi chochote, wanasema Mungu amewaacha au hawajali tena. Yote mawili yanaweza kuwa ni jeraha linaongea, na yote mawili yaelezwe kliniki. Aliyepoa kiimani msimburute; mshirikisheni mambo madogo, kuwasha mshumaa, kushika msahafu, kukaa tu. Kuhusu mali, kubalianeni na mchungaji au imamu kwamba sadaka yoyote kubwa kutoka kwake isubiri hadi familia iarifiwe. Kiongozi mwaminifu hatakasirika.

Nafuu kubwa huonekana zaidi katika miezi sita ya kwanza, kisha hupungua kasi bila kukoma. Watu hupata vitu vipya hata baada ya mwaka wa pili. Lakini maumivu ya kichwa yanayozidi, kutapika, usingizi usio wa kawaida, maji meupe yanayotiririka puani au sikioni, mkono uliokuwa na nguvu kulegea ghafla: hizo ni dalili za kurudi hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni Ijumaa ya Idi au usiku wa Krismasi.

Na akikuomba funguo za pikipiki, kwa kuwa sasa ni mzima na Mungu amemtendea, usimpe. Aruhusiwe na daktari baada ya kupimwa macho, wepesi wa kuamua na muda aliokaa bila kifafa. Akiruhusiwa, anunue kofia ngumu mpya, kwa sababu iliyopata ajali imeshapoteza nguvu hata kama kwa nje haina ufa.